Honi ya Kona ya Nkambo

Juzi mwalimu wetu wa sayansi alitaka kutuonyesha jinsi umeme unavyopita kwenye waya. Akafunga waya kwenye betri, akauzungushia kipande cha mpira, akasema tutazame. Hatukutazama, tulinusa. Mpira uliungua, darasa likajaa ule moshi mweusi unaoingia puani na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Wenzangu wakacheka hadi mwalimu akakasirika, na kama kawaida akanitazama mimi kwanza, maana kicheko kikitokea katika shule hii mshitakiwa ni mimi, hata nikiwa nimelazwa zahanati. Safari hii alinikuta nimenyamaza. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, tumbo, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauna jina la kumwambia mwalimu.

Harufu ile naijua. Ilitoka kwenye usukani wa pikapu ya Baba nilipokuwa mutoto wa mapengo, na siku ilipotoka familia yetu nzima ilitamani Ziwa Mweru lipande nchi kavu litufunike.

Baba ni mutu wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Ndiyo maana nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, wakati majirani zetu wote wa Nchelenge husema Kibemba na Kiswahili wanakiweka kwa ajili ya soko tu, kama mizani. Alivuka kuja kununua samaki, akamwona Mama, samaki wakaoza. Huyo ndiye Baba. Baadaye alinunua pikapu kwa muzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Ilikuwa imezeeka kiasi kwamba muzungu mwenyewe aliiaga kwa kuipiga teke. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya nyavu, taa moja ilikuwa kipofu, na upande wa abiria sakafu ilikuwa na tundu ambalo nilitazama barabara ikikimbia chini ya miguu yangu. Lakini honi yake ilikuwa nzima. Kulikuwa na kitufe cheusi katikati ya usukani, kimelika kwa kidole gumba cha Baba, na akikibonyeza, sauti inayotoka ni nene, ya kushiba, kama kiboko dume anayepiga mwayo. Baba hakuiita honi. Kwa Kiswahili chake cha Kongo aliiita klaksoni, na aliitaja kwa heshima kama vile ni shemeji yake.

Sasa ninyi mliozaliwa migodini, kwenye nyumba zenye namba, labda hamjui jambo hili, kwa hiyo wa kwetu wanisamehe nikilieleza. Kwetu mwanamume akioa, yeye na mama mukwe wake hawaonani. Huyu akija huku, yule anapita kule. Hawasemeshani, hawali pamoja, hawatajani jina. Inakuwa hivyo miaka na miaka, mpaka ukoo wa muke uamue kwamba huyu mutu amekaa vizuri, amelea watoto, hajamvunja muke wake mkono, basi apikiwe chakula kikubwa na aingizwe rasmi nyumbani kwa mukwe wake. Siku hiyo ndipo watakapotazamana na kusalimiana. Wako wanaume walioingoja siku hiyo mpaka wakaota mvi.

Hayo nayajua sasa. Wakati ule hakuna aliyenieleza, kwa sababu watu wazima hudhani mutoto huota desturi zenyewe kama anavyoota meno.

Nilichokiona mimi ni hiki. Nyumba ya Nkambo, yaani mama yake Mama, ilikuwa kwenye kona, pale njia itokayo bandarini kwa wavuvi inapokata kushoto na kufuata matete. Kabla ya kona kuna kichuguu. Tukifika kwenye kichuguu, Baba anabonyeza honi. Papo hapo, hata kama Nkambo alikuwa anatwanga muhogo na mchi uko juu hewani, anauacha, na mimi nilichowahi kuona ni kisigino chake tu kikipotea nyuma ya nyumba. Baba naye anatazama mbele tu, shingo imekauka kama ya sanamu. Tukishapita, mchi unaanza tena: tu, tu, tu.

Nikahitimisha kwamba wana vita. Mngehitimisha nini ninyi? Mutu mmoja anapiga kelele, mwingine anakimbia. Halafu kila Baba akirudi safari alikuta chungu cha samaki wa ziwani waitwao pale, wa kuchemsha, kimefunikwa vizuri, kimeletwa na Mama kutoka kwa Nkambo, na kila Baba akienda kuuza samaki alileta kitenge na sukari, navyo vikapelekwa na Mama kwa Nkambo. Nikajua hiyo ni kodi ya vita, wanalipana wasichinjane. Hata kanisani Nkambo alikaa mbele kabisa upande wa wanawake na Baba nyuma kabisa upande wa wanaume, na walitoka kwa milango tofauti. Niliwaambia wenzangu kisimani kwamba zamani walipigania samaki, kambale mkubwa kuliko mutu, na Nkambo alimng'ata Baba sikio. Baba kweli alikuwa na kovu sikioni. Lilitokana na ndoana, lakini nani angeuliza.

Mwaka ule Yama alikuja kwetu. Yama ni kaka yake Mama, na kwa upande wetu kaka ya mama ndiye mwenye watoto, baba ni mgeni mwenye bidii. Akakaa kwenye kigoda, akala, akasafisha meno kwa kijiti, akasema wamekubaliana: mbalamwezi ijayo ikijaa, mukwe ataingizwa. Mama aliimba siku hiyo nzima. Baba hakuimba, lakini alikwenda kuosha pikapu ziwani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ainunue, na sote tukagundua kwamba ilikuwa ya buluu.

Labda maji ndiyo yaliyoiua honi. Kesho yake tulipofika kwenye kichuguu, Baba alibonyeza, kimya. Akabonyeza tena kwa ngumi. Kimya. Akakanyaga breki hata samaki wa nyuma wakaja mbele.

"Shuka," akaniambia.

"Niende wapi?"

"Kimbia mbele. Ambia batu ya kwa nkambo yako, Baba anakuya."

"Wataiona gari, Baba. Ni kubwa."

"Kimbia, we mutoto. Juu ya nini unapenda kuuliza sawa polisi?"

Basi nikawa honi. Kuanzia siku hiyo, kila safari, nilishushwa kwenye kichuguu nikakimbia mbele ya gari nikipiga kelele, "Baba anakuya, Baba anakuya," na gari likinifuata polepole likikohoa. Wenzangu walifurahi kupita kiasi. Wakinikuta popote walinibonyeza kitovu na kungoja nilie. Nilijifanya nafurahi nami, na kwa kweli niliongeza mapambo, nikaweka kingora na kilio cha fisi. Ila Nkambo hakufurahi. Kutoka nyuma ya nyumba, bila kuonekana, aliniambia kila mara kwa Kibemba, "Mujukuu, kaa kando ya njia. Ile chuma haina macho."

"Haiwezi kunishika, Nkambo."

"Waliokanyagwa wote walisema hivyo."

Siku ya kuingizwa ilipokaribia, Baba alichoka na honi ya miguu. Akamleta Dezire, fundi wa baiskeli na mashine za mitumbwi, mutu wa Kasenga aliyevaa kofia ya sufi kwenye joto la ziwa na kusema "bon" kabla ya kila neno kama mutu anayesafisha koo.

"Bon," akasema, "mugonjwa njo huyu?"

"Njo huyu. Mubaya ni kwamba siku ya bukwe, siku ya kuingizwa kwa mukwe, siwezi kupita na mutoto analia mbele yangu sawa mbuzi."

Dezire alikibandua kitufe cha usukani kwa bisibisi. Springi iliyokuwa chini yake ikaruka mchangani, tukaitafuta sote kwa magoti mpaka Mama akaikuta kwenye nywele za Dezire. Ndani ya nguzo ya usukani kulikuwa na waya unaotoka kwenye kitufe kwenda chini hadi kwenye honi yenyewe, na waya huo ulikuwa umekatika. Dezire akatoa mwingine kwenye mfuko wake. Ulikuwa mtupu, shaba inang'aa.

"Huu hauna nguo," Baba akasema.

"Tutauvalisha." Akachana tyubu kuukuu ya baiskeli, akauzungushia waya ule kipande kwa kipande kama mutu anayefunga kidonda, akaupitisha. "Bon. Patron, bonyeza."

Baba akabonyeza. Kiboko akapiga mwayo. Ndege wakatoka kwenye matete.

"Itasikika mpaka Kilwa," Dezire akasema. "Muke yako ya kule atasema, anarudi huyu."

"Sina muke Kilwa."

"Bon. Basi mama yako."

Baba akabonyeza tena na tena, na mimi nikaruhusiwa kubonyeza, na Mama akabonyeza akacheka. Gari lilikuwa limesimama, magurudumu yamenyooka. Hakuna hata mmoja aliyewaza kuuzungusha usukani.

Alasiri ile ile tuliondoka kupeleka mikeka na sufuria za karamu kwa Yama, na njia ni ile ile, inapita kwa Nkambo. Dezire alikaa mbele na Baba. Mimi nilipanda nyuma, nikajilaza juu ya mikeka, mikono chini ya kichwa, nikitazama mawingu kama bibi wa bwana mkubwa. Kazi ya honi nimestaafu.

Nyumbani kwa Nkambo wanawake wa ukoo walikuwa wamejaa wakitwanga na kuchekecha unga wa karamu. Nkambo mwenyewe alikuwa ametwanga tangu asubuhi hadi akawa mweupe kama mzimu, wakamwambia aende akaoge. Bafu lake lilikuwa la matete, hatua chache kutoka njiani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba honi imepona.

Kwenye kichuguu Baba alibonyeza, fupi, kwa adabu. Nikasikia wanawake wakishangilia. Kisha akakata kona kushoto, na honi ikalia yenyewe.

Ikalia na haikunyamaza. Mule ndani ya usukani, ulipozungushwa, kingo za chuma zilivua ule mpira, waya mtupu ukagusa chuma, na mwayo wa kiboko ukawa kilio. Baba akapiga kitufe kwa kiganja. Honi ikalia. Akarudisha usukani, akaupeleka tena. Ikalia. Dezire akasema "bon, bon, bon," na moshi mweusi ukaanza kutoka katikati ya usukani. Gari likazima pale pale mbele ya nyumba, lakini honi haikuhitaji injini.

Mimi nyuma nilikuwa nacheka mpaka nalia. Ndipo nikamwona Nkambo.

Alitoka kwenye bafu akikimbia. Sabuni ilikuwa kichwani na mabegani. Hakuwa na kitu mwilini, hata uzi. Sikuwa nimewahi kujua kwamba Nkambo anaweza kukimbia. Alipita katikati ya wanawake waliokuwa wanashika vichwa vyao, akazunguka mbele ya gari, akainama kutazama chini ya magurudumu, akaja dirishani kwa Baba akamshika shati kwa mikono yote miwili.

"Mutoto iko wapi?" Alisema Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili alikitumia kwa wanunuzi wa samaki tu. "Umemukanyaga? Mutoto iko wapi?"

Baba alikuwa amefumba macho. Uso ameugeuzia kwa Dezire, macho ameyakaza kama mutu anayemwagiwa pilipili, na hakujibu. Hangeweza kujibu. Tangu amuoe Mama hakuwa ameruhusiwa kumwambia mwanamke yule hata neno moja, na pale, na honi inalia na mikono ya mukwe wake imemshika shati, hakujua kuanza. Nkambo akauchukua ule ukimya kuwa ndio jibu. Akaachia shati. Akaweka mikono kichwani na kuanza kilio cha msiba, kile cha kwetu, kinachopanda.

Na mimi, ambaye nilikuwa nimeingoja vita hii miaka yote, nilisimama juu ya mikeka nikapiga makofi nikapaza sauti: "Mung'ate, Nkambo. Mung'ate lile sikio lingine."

Akaniona. Alinitazama kuanzia miguu mpaka kichwa, kama anayehesabu kama viungo vyote vipo. Uso wake ukalegea, akasema kwa Kibemba, kidogo tu, "Yupo." Halafu ndipo alipojitazama.

Waya ukaungua wote wakati huo huo, honi ikafa. Laiti ingeendelea kulia. Katika ule ukimya palikuwa na wanawake wa ukoo, wavuvi waliokuja mbio kutoka bandarini, watoto, na Nkambo akijaribu kuufunika mwili wote kwa viganja viwili. Mama alifika akifungua kitenge chake mwenyewe, akamzungushia, akabaki na gagulo mbele ya kijiji. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa bado nimeinua mikono ya kupiga makofi, na sikujua niiweke wapi.

Dezire aliondoka kupitia shamba la muhogo na hatukumwona tena mwaka ule. Baba aliteremka kwa mlango wa upande wa pili, macho bado yamefumbwa, akajigonga kwenye kichuguu kingine, akatembea hivyo hivyo hadi ziwani. Kesho yake alikuwa Kilwa.

Jioni ya hiyo kesho yake Yama alimwambia Mama mbele yangu, bila ukali, kwamba jambo kama hili halikuwahi kutokea. Mwanamume aliyemwona mukwe wake vile ni sawa na aliyemwona mama yake mzazi. Wazee wengine wanasema ndoa imekufa pale pale njiani, na kama mukwe mwenyewe hataki kurudi, nani amlazimishe. Nkambo alijifungia ndani. Chakula kilipelekwa mlangoni, kikarudi na alama ya kijiko kimoja.

Nilimuuliza Mama, "Kwa nini Nkambo anaogopa, kama yeye ndiye aliyeshinda?"

"Alishinda nini?"

Nikamweleza vita yangu yote, kambale, sikio, kodi. Mama alinisikiliza huku anamenya viazi. Nilidhani atanipiga. Aliweka kisu chini akaniambia, taratibu, maana ya honi ile: kwamba Baba aliipiga ili Nkambo asivunjiwe heshima, na kwamba Nkambo alikimbia ili Baba asiaibike. Kila siku, miaka yote hiyo, kila mmoja akimfichia mwenzake uso. "Na ile siku," akasema, "aliacha yote. Alisikia gari linalia, sauti yako haisikii." Akaokota kisu akaendelea kumenya. Ningependa anipige.

Pikapu ilibaki pale konani, betri imekufa, pua imeelekea mlango wa Nkambo. Watoto walikuja kukaa kwenye usukani wake na kulia "piii", kisha mmoja wao anatoka mbio huku amejishika mbele na nyuma, na wengine wanaanguka kwa kicheko. Mchezo mzuri sana. Kwa kawaida ningekuwa nimeutunga mimi. Nilijaribu kuwafukuza, wakanibonyeza kitovu.

Mbalamwezi ilijaa, ikaanza kulika. Asubuhi moja Nkambo akatoka. Akamwita Yama, akampa kuku mweupe, akamwambia apande mtumbwi avuke. Kuku mweupe kwetu ni wa kuosha jambo. Yama akauliza aseme nini huko Kilwa.

"Sema chakula kinaharibika," Nkambo akajibu.

Baba alirudi na Yama, amekonda, amenyoa nywele zote kama mutu aliyefiwa. Hakupita njia ya konani. Alizunguka kwenye mashamba, kama wanaume walivyofanya kabla ya magari, na jioni akaketishwa kwenye mkeka ndani ya nyumba ya Nkambo, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Ukoo wote ulijaa. Vyungu vilipangwa mbele yake: samaki wa pale, kuku, kisamvu, ugali wa muhogo. Alikuwa ameinamisha kichwa hata kidevu kinagusa kifua. Mimi nilibanwa kati ya mama wadogo wawili, mmoja amenishika mdomo kabisa, kwa tahadhari.

Nkambo akaingia na bakuli la maji ya kunawa. Akapiga magoti mbele yake. Mukwe mwanamume ndiye anayepaswa kuanza kusalimu, na kila mutu alikuwa akingoja aseme maneno makubwa ya siku kubwa. Jasho lilikuwa linamtoka Baba kwenye ule upara mpya.

"Mama," akasema mwisho, kwa sauti ya mutoto. "Nilifunga macho."

Nkambo alimimina maji juu ya vidole vyake, polepole, hadi yakaisha.

"Najua, mwanangu," akasema. "Ulichelewa kidogo tu."

Nyumba ililipuka. Yama alicheka akaangukia kuku, mama mdogo akaniachia mdomo ili ashike mbavu zake, Mama alicheka huku machozi yanamtoka, na Baba mwenyewe, bila kuinua kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nkambo naye alicheka, meno yake yote machache nikayaona.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na joto la tanuri, watu na vyungu na moto, na Nkambo alikuwa amevaa blauzi ya kanisani, na juu yake sweta, na juu ya sweta vitenge viwili. Mkono mmoja ulimpa mukwe wake ugali. Mwingine ulikuwa umeshika vitenge pale shingoni, umekaza mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, na kicheko chote kile kikaja kikaisha bila ya mkono ule kuachia.